Simu Iliita Bila Kupokelewa: Mazungumzo na Maofisa Habari wa Halmashauri na Mamlaka za Maji

Itifaki imezingatiwa, ndugu zangu, tuendelee. Kwenye ratiba mmeniandikia nizungumzie kujiamini mbele ya kamera. Nitafika huko muda ukiruhusu. Lakini wengi wenu kamera bado hamjaifikia. Mnashindwa mapema, kwenye simu.

Fungueni gazeti lolote la Kiswahili, kurasa za habari za mikoani. Mtaikuta sentensi hii, ambayo mimi nikiwa dawati la habari niliipitisha mpaka vidole vikaizoea: "Alipotafutwa ili kutoa ufafanuzi, simu yake iliita bila kupokelewa." Ina dada yake: "alipokea na kusema yupo kwenye kikao." Ina na mdogo wake: "alitumiwa ujumbe mfupi lakini hadi tunakwenda mitamboni hakuwa amejibu."

Mnadhani hapo hamjasema kitu? Mama wa Mbagala aliyepanga ndoo tangu alfajiri akiisoma hiyo anaelewa neno moja tu: wanajua, na hawana habari na sisi. Hilo limesemwa kwa jina lako na cheo chako, na huwezi hata kudai umenukuliwa vibaya.

Nieleze inavyokwenda chumba cha habari, maana naona mnadhani mwandishi anaamka akiwawazia nyinyi. Asubuhi alikuwa mtaani. Ana kina mama wenye ndoo, ana mwenyekiti wa mtaa, ana picha ya bomba kavu. Saa nane mchana anakaa kuandika, mhariri anamuuliza: mizania iko wapi, yaani upande wa pili umesema nini? Ndipo anakupigia. Usipopokea, habari haifi. Kwa kukutafuta tu ameshatimiza wajibu wake, mhariri anaridhika, ukurasa unafungwa.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, mkurugenzi hajaniruhusu." Hili nalisikia kila mkoa na sasa limenichosha. Mkurugenzi haombwi ruhusa saa tisa alasiri mwandishi akiwa kwenye laini. Anaombwa siku tulivu, ambayo hakuna bomba lililopasuka: mheshimiwa, maji yakikatika nisemee yapi bila kukupigia? Eneo lililoathirika, saa yalipokatika, sababu kama fundi ameithibitisha, na saa tutakayotoa taarifa nyingine. Andika dokezo la ukurasa mmoja, asaini, weka kwenye faili. Kama hata hilo hasaini, basi shida yako si waandishi, na mimi siwezi kukusaidia.

Mwingine ataniambia sheria ina utaratibu wake. Ni kweli, hapa Tanzania Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa hadi siku 30 kumjibu mwombaji. Mwambie hivyo mtangazaji wa redio anayeingia hewani saa kumi. Ataisoma kama ilivyo, na wilaya nzima itacheka.

Na yule pale namwona anatabasamu, najua lake: "Hawa wanataka bahasha tu." Wapo, sibishi. Ila anayekuja kwa bahasha hakupigii kuomba ufafanuzi, anakuja ofisini na kukaa kwenye kiti. Anayepiga simu saa nane anatafuta mizania. Msiwachanganye.

Kwa hiyo pokea. Kupokea si kujibu. Uliza: habari yenyewe ni ipi, umeshaongea na nani, unafunga saa ngapi? Halafu sema, "Nitakupigia saa kumi na robo." Na saa kumi na robo upige, hata kama huna jibu. Hapa ndipo wengi mnapoteleza: hamna jibu, mnaona aibu, mnazima simu. Sema hivi: "Fundi bado yuko kwenye pampu, sababu hatujaijua, saa kumi na mbili nitakupa ilipofikia." Hayo yanachapika. Na yule mama anajua kuna mtu yuko kwenye pampu.

Anayeona aibu kusema "bado hatujajua" akumbuke Nairobi, Septemba 2013. Westgate, jengo la maduka, inashambuliwa na magaidi, dunia nzima imeikodolea macho. Joseph ole Lenku, waziri aliyekuwa na dhamana ya usalama wa ndani, anasema washambuliaji ni kati ya 10 na 15. Picha za kamera za jengo zikaja kuonyesha wanne. Anasema wote ni wanaume, ingawa baadhi wamevaa kike. Amina Mohamed, Waziri wa Mambo ya Nje, anaiambia televisheni ya Marekani kwamba yumo mwanamke Mwingereza. Watu 67 waliuawa pale, na sisemi haya kuwakejeli ndugu zetu; katika hali ile hata mimi ningetetemeka. Ila hakuna aliyewalazimisha kutaja idadi. Wangesema, "Wapo ndani, idadi hatujaithibitisha, tutarudi baada ya saa mbili," nani angewalaumu? Walipotamka, kila taarifa iliyofuata ikawa inapimwa kwa ile iliyotangulia, hadi hata ya kweli ikawa inatiliwa shaka. Na hao walikuwa wawili, kutoka serikali moja, bila kusikilizana. Kwenye halmashauri zenu wanaosema ni wangapi? Diwani anasema, mhandisi anasema, katibu tarafa anasema, wewe unasoma mtandaoni.

Sasa lugha. Nina klipu ya ofisa mmoja, simtaji. Kaulizwa maji yatarudi lini. Anaanza, "Awali ya yote napenda kuishukuru serikali," halafu wizara, halafu mkuu wa mkoa, halafu "tuko kwenye mchakato wa kuhakikisha changamoto hii inafanyiwa kazi". Redio inahitaji sekunde 15. Zimekwisha akiwa bado kwa mkuu wa mkoa! Mhariri wa sauti akakata mwanzo, akakata mwisho, kikabaki "changamoto hii". Ndicho kilichorushwa. Anza na jibu: "Maji yatarudi kesho jioni, pampu imeungua." Shukrani zifuate, wakizikata hujapoteza kitu.

Muda unanibana, haya nayapitia haraka. "Nje ya rekodi", yaani kusema kwa ahadi kwamba hutanukuliwa, usiitegemee, hasa kwa mwandishi uliyekutana naye leo. Kipaza sauti kikiwa kwenye shati, kipo hewani, hata ukiwa unalalamikia chai. Mkiwa na msiba, usianze na uchovu wako: Tony Hayward, mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, mwaka 2010, wafanyakazi 11 wamekufa kwenye mtambo na mafuta yanamwagika Ghuba ya Mexico, akasema mbele ya kamera kwamba anataka maisha yake yarudi. Aliomba radhi, lakini hadi leo akitajwa hutajwa kwa sentensi hiyo.

Na swali likirudiwa, usilizunguke. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, swali lilelile zaidi ya mara kumi, lile la kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake. Paxman alikuja kusema aliendelea kurudia kwa sababu kipindi kilichofuata hakikuwa tayari. Mnaona? Mtu anajaza muda, wewe unadhani ni vita. Ndiyo au hapana ya mara ya kwanza ingemmaliza.

Mavazi, kamera na pa kutazama nilikuwa na kurasa mbili, naziacha. Ukihojiwa mtazame anayekuuliza, usiitafute kamera. Baada ya chai tunaingia kwenye mazoezi. Wa mamlaka za maji watatangulia, wenzao wa halmashauri ndio watakuwa waandishi, na nimewaambia wasiwe na huruma. Namba zenu ninazo. Nitaanza kupiga wakati mnakunywa chai.