Kabla ya Barua ya Kujieleza: Mfumo wa Kazi na Ari ya Mtumishi

Ndugu wakuu wa vitengo, ahsanteni kwa kuziacha meza zenu za Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma, asubuhi hii.

Beseni hili lina shanga 4,000: nyeupe 3,200, nyekundu 800. Kibao hiki kina vitundu 50. Zoezi ni la W. Edwards Deming, mwanatakwimu Mmarekani aliyewafundisha wenye viwanda wa Japani mwaka 1950. Mfanyakazi anachovya kibao, anatoa shanga 50. Nyeupe ni kazi safi, nyekundu ni kosa.

Wakichota watu sita, mmoja aweza kutoa nyekundu 6, mwingine 14. Beseni ni lile lile, kibao kile kile, bidii ile ile. Wastani ni 10, kwa kuwa moja ya tano ya shanga ni nyekundu. Kokotoeni mpaka wa bahati: mzizi wa pili wa 50 × 0.2 × 0.8 (idadi ya shanga, sehemu ya nyekundu, sehemu ya nyeupe) ni karibu 2.8, mara tatu yake ni 8.5; ipunguzeni kwenye 10, kisha iongezeni. Basi kuanzia 2 hadi 18 ni bahati tupu. Nasi tunafanyaje? Wa 6 tunampa cheti Mei Mosi, wa 14 anaandikiwa barua ya kujieleza. Mwakani wa cheti anachota 13, tunasema amelewa sifa!

Hapo ndipo ari inapokufa. Aliyeonywa amejitahidi na hesabu haikubadilika, kwa hiyo anaacha kujitahidi, au anapika takwimu. Hata PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, hauna kinga: alama ikigeuzwa fimbo, mtumishi ataweka lengo dogo analojua hatalikosa.

Sasa tuje masjala. Chukueni mafaili 30 ya maombi ya uhamisho, mbandike karatasi kwenye jalada la kila faili. Kila meza iandike tarehe na saa ya kupokea, ya kuanza kulishughulikia, na ya kulitoa. Kisha tenganisheni muda wa kazi na muda wa kusubiri. Mara nyingi kazi ni ya dakika, kusubiri ni kwa siku: mhudumu anazungusha mafaili mara moja tu kwa siku, dokezo linarudishwa kwa kukosa kiambatisho ambacho hakuna aliyemwambia mwombaji akilete, mwenye kusaini yuko Dar es Salaam na hakukaimisha mtu. Semina ya uwajibikaji hailisogezi faili linalongoja sahihi ya aliye safarini. Barua ya kukaimisha italisogeza, na kuiandika ni kazi yenu, si ya karani.

Je, hakuna mzembe? Yupo. Anayechota nyekundu 20 amevuka mpaka. Mwiteni, lakini kwanza kagueni mafunzo aliyopata na kompyuta anayotumia.

Angalizo kwa watakaoanza Jumatatu: karatasi ile iandikwe jina la meza, kamwe si la mtu. Majina yakiingia, mtaletewa tarehe za uongo.