Kauawa Khariji: nahau ilivyozaa balagha

Ndugu zangu, nianze na neno letu wenyewe: nahau. Wazee walilitumia kwa maana ya sarufi. Leo ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari, atakutajia "kupiga moyo konde". Neno limehama kutoka kanuni za lugha hadi utamu wa usemi, na kwa Waarabu elimu yenyewe ilishika njia hiyo hiyo, kutoka sarufi hadi balagha, yaani elimu ya ufasaha wa usemi.

Sibawayhi, Muajemi aliyesoma Basra kwa al-Khalil bin Ahmad, aliandika Al-Kitab, kitabu chake cha sarufi ya Kiarabu, katika karne ya 8. Alipofika kwenye sentensi ambayo anayepigwa hutajwa kabla ya anayepiga (Zaidi na Abdullahi, majina ya mifano, wale wasiochoka kupigana katika vitabu vya nahau), alisema kwa ufupi tu: Waarabu hutanguliza lile wanalojali zaidi kulibainisha. Kisha akaendelea na irabu zake, yaani miisho ya maneno ya Kiarabu.

Wananahau waliomfuata wakatoa mfano. Khariji mmoja, mtu wa kundi la Waislamu waliowaasi watawala, kaasi, kawahangaisha watu. Zaidi akimuua, utasema: "Kamuua Khariji, Zaidi." Watu wanataka kusikia kwamba kafa; kafa kwa mkono wa nani, si hoja. Lakini Zaidi akiwa mtu mnyonge, ambaye hakuna aliyemdhania kuua, yeye ndiye hutajwa kwanza. Ajabu iko kwake.

Karne ya 11 akaja Abdul-Qahir al-Jurjani, naye mwananahau, ambaye jibu la "wanalijali" halikumtosha. Wanalijali kwa nini? Katika kitabu chake Dala'il al-I'jaz alichukua aya ya 62 ya Surat al-Anbiya, watu wa Ibrahimu wanapomuuliza: "Je, ni wewe uliyeifanyia haya miungu yetu?" Kwa Kiarabu "wewe" imetangulia kitendo. Vipande vya masanamu viko chini, kila mtu anaviona. Anayetafutwa ni mvunjaji. Jaribuni nyumbani: "Umevunja kikombe?" na "Ni wewe uliyevunja kikombe?" Mtoto akisikia la pili anajua vigae vimeshaonekana.

Hapo ndipo akasimamisha nadharia yake ya nadhm: ufasaha haumo katika neno moja moja, umo katika kuyapanga maneno kwa kufuata maana za nahau. Lile alilolipitia Sibawayhi kwa nusu mstari likawa mlango wa balagha nzima.

Baadaye al-Sakkaki, aliyefariki 1229, na al-Qazwini baada yake, wakapanga elimu hii kwa ajili ya wanafunzi: maani (mpangilio wa sentensi kulingana na hali), bayani (tamathali za usemi), badii (mapambo ya lugha). Mimi sivipendi sana vitabu hivyo. Khariji bado yumo, lakini sasa anakaririwa tu.