Foleni ya Kunawa: mhadhara kwa darasa la fikra za usanifu

Habari za asubuhi. Naomba mlioko nyuma msogee mbele, viti vipo. Leo tutakaa sita sita kila meza. Asanteni.

Wiki iliyopita mlikwenda mitaani kuangalia watu wanavyofanya kazi zao na kuwauliza maswali. Leo tunaingia kwenye kubungua bongo, yaani kukaa pamoja na kutafuta mawazo mengi ya kutatua tatizo. Wanafunzi wengi huipenda hatua hii kuliko zote, na ndiyo ninayoiona ikiharibika mara nyingi zaidi, tena mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa.

Nianze na kikundi kimoja cha mwaka jana. Walikuwa sita, na kazi yao ilikuwa kumsaidia mama lishe mmoja wa jirani na kituo cha daladala. Ikifika saa saba mchana wateja wanajaa kwake, wengine wakiona foleni wanageuza, na jioni wali unabaki sufuriani. Kikundi kikakaa, bango kitita mbele yao, kijana mmoja kashika maka peni. Sentensi ya kwanza kutoka ikawa: "Tumtengenezee programu ya simu."

Sasa fuatilieni. Wa pili akasema menyu iwekwe humo. Wa tatu akasema malipo yafanyike humo humo. Wa nne akataka bodaboda wapokee oda humo. Baada ya dakika ishirini bango lilikuwa limejaa juu hadi chini, na yote yaliyoandikwa yalikuwa wazo moja lililobadilishiwa nguo. Nilipita mezani pale nikawapongeza kwa kasi yao.

Mwisho wa kipindi nikakusanya madaftari. Kwenye daftari la binti mmoja, ambaye kikao kizima hakufungua mdomo, nikakuta mchoro wa penseli: jagi, beseni, na watu wamepanga mstari. Chini yake kaandika, "Foleni ni ya kunawa." Alikuwa amekula pale siku tatu mfululizo. Aliona kwamba mama anapakua upesi sana, sahani haichukui hata dakika. Lakini pembeni kuna jagi moja na mtoto mmoja wa kumiminia watu maji, na kila anayekula kwa mkono lazima apite kwake. Watu walikuwa wanasubiri maji, chakula kiko tayari! Pembeni ya mchoro kaongeza maneno mawili na alama ya kuuliza: "vibuyu chirizi?" Mnavijua, yale madumu ya kutundika kwenye mti, unakanyaga kijiti, kamba inavuta, maji yanachirizika.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mwalimu, kaka zangu walikuwa wanaongea, nikaona nisubiri wamalize. Walipofika kwenye malipo, nikaona langu litawarudisha nyuma."

Jibu hilo ndilo somo letu la leo, na nataka tulichambue taratibu.

Kubungua bongo kwa kikundi, kama tunavyokufundisha vyuoni, kulienezwa na mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, Alex Osborn, mmoja wa waasisi wa kampuni ya BBDO. Alianza kuendesha vikao hivi mwaka 1939, na kitabu chake cha mwaka 1953 kikasambaza kanuni zake nne: toeni mawazo mengi, msikosoe kwanza, karibisheni hata yanayoonekana ya ajabu, kisha jengeni juu ya mawazo ya wenzenu. Kanuni nzuri zote, nami nazifundisha. Ila Osborn alidai pia kwamba mtu wa kawaida akiwa kikundini hutoa mawazo maradufu kuliko akiwa peke yake. Hapo ndipo pana shida.

Mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Yale, watafiti watatu, Taylor, Berry na Block, walilipima dai hilo. Walichukua wanafunzi 96. Nusu wakawekwa kwenye vikundi 12 vya watu wanne wanne, nusu wakafanya kazi kila mtu peke yake. Swali mojawapo lilikuwa hili: kama watu wangezaliwa na kidole gumba cha ziada kila mkono, kungekuwa na faida gani na matatizo gani? Kisha wale wa peke yao wakaunganishwa wanne wanne kwenye karatasi tu, mawazo yanayojirudia yakihesabiwa mara moja. Waliofanya kazi peke yao walitoa karibu mara mbili ya mawazo ya vikundi vilivyokaa pamoja. Kinyume kabisa cha dai la Osborn.

Kwa nini? Wengi watasema ni aibu, au uvivu wa kutegea wenzako. Vyote vipo. Lakini mwaka 1987 Diehl na Stroebe, huko Ujerumani, walionyesha kwamba sababu kubwa ni nyepesi zaidi: zamu. Waliwaweka watu kila mmoja chumbani kwake, mbele yake taa. Mwenzako anapoongea, taa yako inakukataza, wewe ngoja. Hakuna anayekutazama, hakuna wa kumwonea aibu, na bado mawazo yalipungua kama yanavyopungua kikundini. Kungoja tu kunatosha. Unaposubiri zamu, wazo ulilo nalo unalishikilia lisipotee, kwa hiyo hutafuti jingine. Au unamsikiliza mwenzako, na lako linafifia. Turudi kwa binti yetu: "nikaona nisubiri wamalize."

Kwetu kuna jambo jingine juu ya hilo, na naliongea kwa uzito kwa sababu nalipenda na linanitesa. Ni heshima. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Mezani akiwepo aliyetuzidi umri, au mwenye cheo, au yule anayesema kwa sauti ya uhakika, sisi wengine tunageuka kuwa waitikiaji. Sitaki mwiache heshima mlangoni. Nataka tupange kikao kiasi kwamba mdogo asilazimike kumvunjia mtu heshima ili wazo lake lisikike. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, nami nakubali, mradi hao wengi wamepata kulitoa hilo neno.

Njia ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1968 Mjerumani Bernd Rohrbach alipendekeza zoezi linaloitwa 6-3-5. Watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa karatasi jirani yake. Jirani anasoma, anaongeza matatu mengine chini, akiyaendeleza yaliyopo au akianza mapya. Karatasi ikizunguka meza nzima, ndani ya nusu saa mna mawazo 108, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Karatasi haijui nani kaka wala nani dada.

Msinielewe kwamba kikundi hakina kazi. Wiki iliyofuata nilikirudisha kikundi kile mezani, safari hii kwa kalamu na kimya. Mchoro wa binti ulipomfikia yule kijana wa programu ya simu, alichora vibuyu viwili badala ya kimoja, akavisogeza upande wa kituo ili mtu anawe kabla hajaagiza. Mwingine akaandika, "maji machafu yaende wapi?" Wa tatu akachora kijishimo chenye kokoto. Walikuja kuongea baadaye, na waliongea vizuri sana, kwa sababu sasa kulikuwa na vitu vya kuongelea. Walipompelekea mama, alitazama mchoro akasema, "Upande huo jua kali, maji yatachemka. Wekeni huku chini ya mwembe." Hilo hakuna karatasi yetu iliyokuwa nalo.

Sasa, maka peni ziwekeni chini. Kila meza ina karatasi sita na kalamu sita. Swali la leo katoa mama huyo huyo: mteja wa kwanza asubuhi ananunua chai na chapati mbili, anatoa noti ya elfu kumi, na chenji hana. Afanyeje?

Mawazo matatu kila mmoja, dakika tano. Hata kama unacho cha kusema, kiandike. Anzeni.