Ada ya Chuo kwa Jina la Mkanda

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu mlio hapa Marekani na kwingineko. Leo nawataka hasa wazazi wenye vijana wanaomaliza sekondari. Dada Rehema, shikamoo ya mapema, maana nasikia umekuja na hela.

REHEMA: (anacheka) Marahaba. Hela si zangu, ni za watoto wetu wakizitafuta. Kuna ufadhili wa chuo wanaopewa wanafunzi wanaohamasisha vijana wenzao kufunga mkanda kwenye gari.

BARAKA: Ngoja kwanza. Mtoto afunge mkanda halafu alipwe?

REHEMA: Kufunga ni sheria, halipwi mtu kwa hilo. Anayetafutwa ni yule aliyewafanya wenzake wafunge.

BARAKA: Na kwa nini vijana hasa?

REHEMA: Kwa sababu ajali za magari ni kati ya vitu vinavyoua sana vijana nchi hii, na takriban nusu ya wanaofia ndani ya gari hukutwa hawakufunga. Mamlaka ya usalama barabarani ya hapa, NHTSA, inasema mkanda wa siti ya mbele kwenye gari dogo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45. Wanakadiria kwamba mwaka 2017 peke yake mikanda iliokoa watu 14,955.

BARAKA: Mimi nilidhani Marekani kila mtu anafunga.

REHEMA: Wapi! New Hampshire mtu mzima halazimishwi kabisa, anayelazimishwa ni aliye chini ya miaka 18. Yako majimbo polisi hawezi kukusimamisha kwa mkanda tu, mpaka uwe na kosa jingine. Na siti ya nyuma ndiyo imesahaulika. Kijana akikaa nyuma bila mkanda, gari likigonga, anarushwa na kumkandamiza aliye mbele yake.

BARAKA: Wazazi nasi tuna mchango. Baba yuko nyuma kwenye Uber, mkanda unaning'inia, halafu amfundishe nani?

REHEMA: Na sisi Wakenya tulishafungishwa na Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tangu 2004, hadi ndani ya matatu! Basi, kule Virginia kuna mpango unaoitwa YOVASO, uko chini ya polisi wa jimbo, lakini kampeni za shuleni wanaziongoza wanafunzi wenyewe. Na majimbo kadhaa yana mashindano ya kufunga haraka: wanafunzi wanne wanaingia garini, wanafunga, wanafungua, wanabadilishana siti, wanafunga tena, saa inawahesabia. Kelele zake, wallahi!

BARAKA: Hapo ndipo pesa inatoka?

REHEMA: Zawadi za mashindano huwa ndogo. Pesa ya chuo mara nyingi inataka insha au video fupi, na hapo watoto wetu wanaanguka. Wanaandika "mkanda ni muhimu kwa maisha yetu". Msomaji ameshasoma hiyo mara elfu. Simama getini asubuhi, hesabu magari yanayoingia: wangapi wamefunga, mbele na nyuma. Fanyeni kampeni yenu, kisha rudi uhesabu tena, saa ileile, geti lilelile. Namba zikipanda, andika. Zisipopanda, andika ulichobadilisha.

BARAKA: Hiyo nimeipenda. Na utapeli je?

REHEMA: Fomu ikikudai ada ya kuomba, ondoka. Ikitaka namba ya Social Security kabla hujashinda chochote, ondoka mbio. Halafu ujue ufadhili mwingine unatolewa na mawakili wa kesi za ajali. Wanatafuta jina, sioni ubaya. Ila soma masharti, maana video yako inaweza kuwa tangazo lao bila kukuuliza tena.

BARAKA: Ambao karatasi zao za uhamiaji hazijakamilika?

REHEMA: Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, au aliyekwisha kukubaliwa hifadhi, anaweza kupata msaada wa serikali kupitia FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa kulipia chuo. Ambaye kesi yake bado inasubiri, hapati. Lakini ufadhili wa watu binafsi, kila mmoja una masharti yake, na baadhi hawaulizi uraia. Kwa hiyo huyu ndiye wa kuutafuta kwa bidii zaidi.

BARAKA: Ukishinda, basi umemaliza?

REHEMA: Bado. Vyuo vingine, ukileta ufadhili kutoka nje ya chuo, vinapunguza msaada wao. Piga simu ofisi ya misaada ya fedha, waulize kama wanaweza kupunguza mkopo kwanza. Na pesa ikilipia ada na vitabu vinavyotakiwa haikatwi kodi. Ikilipia chumba na chakula, inahesabiwa kipato.

BARAKA: Nina mpwa wangu, nikizima simu hii namtuma getini na daftari.

REHEMA: Aanze kwa mkuu wa shule, apate ruhusa. Kijana anachungulia magari ya watu shuleni asubuhi bila taarifa, kwa Marekani hii? Watamwitia polisi kabla hajafika gari la kumi.