Periocha: kitabu kikipotea, muhtasari ukabaki

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa Kiswahili mliofika hapa Kampala, hamjambo.

Periocha ni neno la Kigiriki ambalo Walatini walilichukua. Maana yake ni yaliyomo, yale yaliyozingirwa ndani, na liliitwa hivyo fupisho la kitabu kimoja kimoja katika kazi ndefu.

Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, aliandika historia ya Roma katika vitabu 142. Vilivyotufikia ni 35 tu. Lakini periocha zake, zilizoandikwa baadaye na mtu tusiyemjua jina, zimebaki karibu zote. Zimekosekana ya kitabu cha 136 na cha 137. Vitabu zaidi ya mia moja, basi, tunavijua hasa kwa mkono wa mfupishaji huyo.

Mtazameni kazini. Kitabu cha 120 hakipo, ila periocha yake inasema Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliuawa, kichwa chake na mkono wa kulia vikawekwa kwenye jukwaa la wahutubu. Cha 135 kimebaki sentensi moja: Crassus alipigana na Wathrake, Kaisari (yaani Augusto, si Julius) akapigana Hispania, na Wasalassi wa milima ya Alps wakatiishwa. Inauma kuona kitabu kizima kimeishia hapo. Hata hivyo nani, wapi na kulikuwaje, vyote vimo.

Periocha za tenzi za Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, zinazohusishwa na mshairi Ausonius wa karne ya 4, zinanivutia zaidi. Kila moja huanza na mistari ya mwanzo ya kitabu hicho cha Homer iliyogeuzwa Kilatini, ndipo nathari ifuate. Unamsikia mtunzi kwanza, mfupishaji baadaye.

Sasa tuje kwenye ikisiri za tasnifu zetu. “Utafiti huu umechunguza methali. Data ilikusanywa uwandani. Matokeo yamejadiliwa na mapendekezo yametolewa.” Methali zipi? Za Arua, Masaka au Bwera? Matokeo gani? Nakala ikiliwa na mchwa, na bibi aliyesimulia keshafariki, ikisiri hiyo haitampa mjukuu wake hata methali moja.

Kwa hiyo nawaomba mnaowasilisha mwaka huu: wekeni humo walau methali moja kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, mtaje mlikoisikia, mseme mlichogundua. Mkiondoa “yamejadiliwa” na “yametolewa”, nafasi mtaipata.