Kulifunga Paa Kabla ya Aprili: Mazungumzo ya Bagamoyo Kuhusu Kimbunga

ZUHURA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na karibuni. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu ni Fundi Mussa, aliyeezeka nyumba nyingi za Bagamoyo, kuanzia Dunda hadi Kaole. Tunazungumza mwanzoni mwa Machi kwa makusudi, kwa sababu shughuli ya kuiandaa nyumba dhidi ya kimbunga haifanyiki ipasavyo siku ambayo upepo umekwisha kuanza kuvuma.

MUSSA: Wa aleikum salaam, Bi Zuhura. Nianze na neno ninaloambiwa kila ninapomshauri mtu aongeze waya kwenye paa lake, kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, si vya kwetu. Neno hilo lina ukweli kiasi. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta. Bagamoyo iko takriban digrii 6 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tuko ukingoni mwa njia ya vimbunga, lakini hatuko nje yake.

ZUHURA: Na historia inashuhudia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyosalimika, ikaja kuongoza katika zao hilo. Hapa kwetu kikabomoa majengo ya misheni iliyokuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo kikadhoofika kabla ya kuigusa pwani yetu. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Itazame hiyo miezi, Fundi.

MUSSA: Ndiyo inayonitia hofu. Ni miezi ya masika, kaskazi imekwisha na kusi ndiyo inaanza, na mtu akiona wingu zito baharini hudhani ni mvua ile ile ya jana.

ZUHURA: Basi tuje kwenye nyumba yenyewe. Mimi niliwahi kupoteza paa la jiko langu la nje kwa upepo wa usiku mmoja tu, na haukuwa hata kimbunga. Bati tatu tuliziokota shambani kwa jirani, nami namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na mtu njiani.

MUSSA: Pole sana, dada yangu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba upepo mkali ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na wakati huohuo ule unaoingia chini ya upenu na barazani hulisukuma kutoka chini. Nyumba zetu zimejengwa kwa kufikiria uzito unaoshuka: kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hukalishwa juu ya ukuta, zikapigwa msumari mmoja au miwili, na kila mtu akaridhika kwa sababu haziwezi kuanguka. Hakuna aliyejiuliza kama zinaweza kupaa. Tena upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na ndiyo maana paa lililovumilia dhoruba za miaka kumi linaweza kuondoka kwa saa moja.

ZUHURA: Kwa hiyo dawa yake ni nini kwa mtu ambaye nyumba imekwisha kusimama na fedha si nyingi?

MUSSA: Kufunga. Kenchi ifungwe kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya ukuta, kwa ukanda wa chuma au kwa waya mnene uliozungushwa mara kadhaa; papi, zile mbao nyembamba zinazoshika bati, zifungwe kwenye kenchi; na bati zipigiliwe misumari yenye kofia pana, ikaribiane zaidi kwenye kingo na kwenye pembe, kwa maana bati huanza kung'oka pembeni. Nyumba ya miti na udongo isiyo na lenta ifungiwe kwenye nguzo zilizochimbiwa chini, si kwenye udongo wa ukutani. Paa la makuti halitashindana na kimbunga, lakini fito zake zikifungwa upya kwa kamba imara ya mkonge, angalau halitaondoka na boriti zake. Na ninawaomba wasikilizaji jambo moja kwa moyo wote: ondoeni mawe na magurudumu mliyoyaweka juu ya bati. Upepo wa kimbunga huyabeba, na jiwe lililokuwa likilinda bati lako linakuwa kombora kwa mtoto wa mwenzako.

ZUHURA: Wapo wanaosema kwamba dirisha la upande usio na upepo liachwe wazi ili nyumba ipumue.

MUSSA: Nimelisikia, nalo ni kosa la hatari. Upepo ukishaingia ndani hulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa juu ukilivuta. Madirisha yote yafungwe, na yenye vioo yapigiliwe mbao au plaiwudi kwa nje. Kubandika utepe juu ya kioo hakukizuii kuvunjika. Milango nayo iwekwe komeo la juu na la chini.

ZUHURA: Uani kwetu kuna minazi. Mama yangu, anayekaa Mlingotini, haridhiki nazi ziangushwe kabla hazijakomaa.

MUSSA: Mwambie taratibu, kwa heshima zote, kwamba nazi iliyorushwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa inaweza kuvunja dirisha, na hata kichwa. Ziangushwe, makuti makavu yakatwe, na matawi ya mwembe yanayoegemea paa yapunguzwe mapema.

ZUHURA: Mengine ya ndani nitayataja kwa haraka: maji ya kunywa kwenye madumu yenye mifuniko, kwa kuwa kisima kikiingiliwa na mafuriko ndipo kipindupindu kinapoanzia, tochi, redio ya betri, dawa za wagonjwa, na vyeti ndani ya ndoo inayofungwa vizuri. Ila hapa nitasimama kidogo. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inamwagika namna gani, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Ingekuwa msiba mkubwa familia iokoke na upepo, kisha ipotezwe na jiko lake yenyewe.

MUSSA: Na swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajaingia. Kisha watu wasidanganywe na utulivu. Katikati ya kimbunga hakuna upepo mkali, na katikati hapo pakipita juu yenu mbingu huweza hata kufunguka. Wengi hutoka kutazama uharibifu. Baada ya muda upepo hurudi kutoka upande wa pili, ukaikuta mbao iliyolegea na mtu aliye nje. Subirini tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa.

ZUHURA: Fundi, yote haya yanahusu nyumba inayoweza kubaki na watu. Ya mama yangu iko hatua chache kutoka kwenye mikoko.

MUSSA: Hiyo hata nikiifunga kwa minyororo, sitakushauri alale humo. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwa hiyo kikipita kaskazini mwetu upepo wake husukuma bahari ije nchi kavu. Likitokea hilo siku za bamvua, wakati maji yamejaa, mawimbi yatafika mahali ambapo wazee hawajawahi kuyaona. Paa hulinda dhidi ya upepo tu.

ZUHURA: Atakataa. Atasema hawezi kuwaacha kuku wake.

MUSSA: Basi mtafutieni kuku mahali kwanza, leo, wakati jua linawaka. Dada yako si anakaa Kiromo?

ZUHURA: Anakaa Kiromo, na ana banda kubwa.

MUSSA: Jumamosi nitakuja na waya kulifunga paa la huko Kiromo, kwa sababu ndilo atakalolala chini yake. La Mlingotini tutalishughulikia wiki inayofuata.