Linki Imewafikia Wangapi?

Mwangaluka! Msio Wasukuma, itikieni hivyo hivyo, mmeshafika Mwanza.

Leo tunazungumzia madodoso ya mtandaoni, nami nianze na kosa langu mwenyewe. Nilitaka kujua wahudumu wa afya wa kandokando ya ziwa wanapimaje kichocho. Nikatengeneza dodoso kwenye Google Forms, nikalitupa kwenye makundi matatu ya WhatsApp: "Tafadhali jaza na usambaze." Hadi jioni majibu yanamiminika, nami nimeshaanza kuchora grafu. Mwenzangu akauliza: "Hiyo linki imewafikia wangapi?" Nikanyamaza. Kumbe kuna aliyejaza akiwa Dodoma, na mwingine alikuwa mwanafunzi.

Usipojua uliwauliza wangapi, huwezi kusema ni asilimia ngapi wamejibu. Na waliojibu si lazima wafanane na walionyamaza. Wavuvi wa dagaa mnawajua: usiku wanawasha taa, wanaokuja ni wanaofuata mwanga. Hakuna mvuvi anayehesabu samaki wa ziwa zima kwa wale waliofuata taa yake.

Mtasema, basi tukusanye majibu mengi zaidi. Marekani walikuwa nayo. Mwaka 2021 utafiti mmoja kuhusu chanjo ya korona ulipitia Facebook, ukapata majibu kama 250,000 kila wiki. Mwezi Mei ulipolinganishwa na takwimu za serikali, ulikuwa umezidisha idadi ya waliochanja kwa pointi 17 za asilimia. Wingi haukuwaokoa.

Sasa mfikirieni muuguzi wa zahanati kisiwani huko Ukerewe. Bando limeisha, mtandao anaupata akipanda jiwe nyuma ya nyumba, na usiku kucha alikuwa anazalisha. Huyo ndiye anayeijua kichocho kuliko sisi wa mjini, na ndiye asiyekuwemo kwenye grafu yangu. Kwa mtu kama huyo kuna programu ya madodoso iitwayo KoboToolbox: fomu inajazwa bila mtandao, inatumwa siku mtandao ukipatikana. Au mpigie simu. Kupiga simu si ushamba.

Maswali nayo! Niliwahi kupokea moja: "Je, kituo chako kina dawa na vifaa vya kutosha? Ndiyo/Hapana." Dawa ninazo, glovu sina. Nijibu nini? Tena lilikuwa la lazima, usipoweka tiki fomu haisogei. Nikabonyeza "Ndiyo" ili nirudi kwa wagonjwa. Mahali fulani kuna ripoti inayosema nina glovu. Kabla ya kutuma dodoso, wape wenzako watano walijaze mbele yako, nawe kaa kimya uone wanakwama wapi.

La siri nitalipita haraka. Ukiandika "majibu ni ya siri" kisha swali la kwanza ni jina na namba ya simu, umeshamdanganya mtu. Na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayoziweka taarifa za afya katika kundi nyeti.

Haya, toeni simu. Kuna dodoso fupi nitawatumia. Mwenye kitochi akae na jirani yake, tutalijaza pamoja. Lakini ngojeni kwanza, msifungue. Wa mstari wa nyuma, nyoosheni mikono niwahesabu. Na yule aliyetoka kupokea simu, mumhesabu pia.